Njia Tuliyoichimba kwa Magogo

Enzi zetu kule milimani Kilwa, mtoto hakupewa baiskeli mpaka awe amekwisha kuwa breki. Vijana wakisoma hapa watadhani nawapigia hadithi. Lakini wewe wa rika langu, uliyekula ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na kwenda shule na kuni za mwalimu kichwani, kaa hapo unisikilize. Nina hasira, na hasira yangu haieleweki bila kuanzia huko.

Kijiji chetu kiko juu ya vilima vya Matumbi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kipatimu. Machungwa yetu yanajulikana pwani yote. Shida haikuwa kuyalima, shida ilikuwa kuyateremsha hadi Njia Nne yanakopakiwa kwenye malori. Barabara ya gari inazunguka kilima kama mtu anayetafuta mlango usiku. Njia ya mkato inashuka moja kwa moja, na ndiyo baba zetu walipita na baiskeli nyeusi za Kichina, gunia mbili za machungwa kwenye keria ya nyuma. Hakuna breki iliyotengenezwa na binadamu inayozuia gunia mbili kwenye mteremko ule. Kwa hiyo walifunga gogo la mkwaju kwa kamba nyuma ya baiskeli, likaburuzwa chini, na baiskeli ikashuka kwa heshima zake.

Gogo likiwa jepesi, anakalishwa mtoto juu yake. Huyo mtoto nilikuwa mimi. Nilishuka kilima kile nimekumbatia gogo, vumbi jekundu likinijaa puani, harufu ya maganda ya machungwa mbele yangu na mgongo wa baba ukiwa umelowa jasho. Kaptula zangu zote zilitoboka sehemu moja. Mama akishona kiraka juu ya kiraka alikuwa akisema, "Wenzio wanamaliza madaftari, wewe unamaliza kaptula." Ninaposema nimetoka mbali, sitanii. Nilianza maisha nikiwa breki, nikafika stashahada.

Rafiki yangu Mshamu, mtoto wa jirani, alikuwa breki ya baba yake. Tulipofika umri wa kuendesha, tulijifunza pamoja, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la fremu kwa sababu hatukufika kwenye kiti. Alinizidi kuendesha, naye alijua kwamba mimi nalijua hilo. Mimi nilimzidi hesabu. Tukienda shule nilimfanyia za kwake, tukirudi alinipandisha kilima kwenye keria yake, na njiani tulishuka kuokota mabibo mpaka midomo ikakauka.

Njia ile ilikuwa na sheria zake, na hazikuandikwa popote. Kila nyumba ilikuwa na alama yake kwenye gogo, na anayepanda na baiskeli tupu lazima arudishe gogo juu, hata kama si lake. Tena, mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Na kabla hujashuka, unasimama juu kabisa na kuita, "Njiaaa!" Kama kuna mtu katikati, anajibu, "Ina mtu!" nawe unasubiri mpaka atokee. Ukisikia kimya, njia ni yako.

Siku moja mimi na Mshamu tulishuka bila kuita. Kwenye kona tukakutana na Bi Somoe, mjane wa ng'ambo ya bonde, na kapu la mihogo kichwani. Yeye akaangukia huku, mihogo kule, sisi kwenye upupu. Hakutugombeza. Alisimama akajipangusa, akasema, "Sasa mtanibebea mihogo yangu mpaka nyumbani, na kila mtakayemkuta mtamwambia kwa nini." Tulijikuna na kujieleza njia nzima. Tulipofika kwetu baba alikwisha kupata habari. Alisema neno moja tu: "Breki ya kwanza ya mtu ni adabu." Halafu akachukua fimbo, kwa ajili ya breki ya pili.

Hiyo ndiyo njia ninayoizungumzia.

Mimi baadaye niliondoka. Nilisoma Dar es Salaam kwa jasho langu mwenyewe, nikabeba zege mchana na kusoma jioni, nikapata stashahada ya ujenzi wa barabara. Sikubebwa na mjomba wala kiongozi. Nikaenda Uarabuni miaka kumi na minne, nikapasua milima ambayo mbuzi waliiogopa. Nimerudi, nimejenga Kilwa Masoko nyumba ya vigae chini, na mtu akitaka kuniona anauliza nyumba ya fundi mkuu. Mshamu alibaki. Ana watoto saba, michungwa zaidi ya mia aliyoipanda kwa mkono wake, na baiskeli ileile ya baba yake, iliyobadilishwa kila kitu isipokuwa fremu.

Mwaka jana kampuni moja ya kuandaa michezo ilikuja kijijini na maombi. Kutakuwa na mashindano ya kimataifa ya baiskeli za milimani, wameipenda njia yetu, wanaomba kuitumia. Mwenyekiti wa kijiji aliniita nihudhurie mkutano, maana si haki wageni kama wale kuongea na watu wasiojua mambo. Nikapanda na gari langu, nikawekewa kiti cha mbele. Sasa, kwetu mgeni akiomba njia haulizwi anakwenda wapi. Ukimnyima njia umemnyima maji. Wazee wakasema, "Njia si mali ya mtu, piteni." Mwishoni karatasi ikazungushwa, tukaambiwa ni mahudhurio, tusaini tupate soda. Tukasaini, tukanywa soda, tukaondoka.

Siku ya mashindano nilifika asubuhi nikiwa na kitambulisho cha mgeni maalumu shingoni. Sitadanganya, nilifurahi. Walikuwepo watu wa mataifa mengi, baiskeli zao unaziinua kwa kidole kimoja. Walivaa kofia ngumu, miwani, vikinga magoti na vikinga viwiko. Daktari alisimama juu, mwingine akasimama chini. Nikajiuliza hao wanashuka kilima au wanakwenda vitani. Sisi kinga yetu ilikuwa kiraka cha kaptula. Vijana wa kwetu walijaa pembeni na simu juu, wakitazama kupitia kioo kitu kilichokuwa mbele ya macho yao. Mmoja wao, baiskeli yake ilipopata pancha pale pale, aliuliza kama kuna mtu ana namba ya fundi.

Lakini nilipenda. Mpanda baiskeli wa kwanza alipoifikia kona ya Bi Somoe na kuinama mpaka bega likakaribia udongo, nilipiga makofi kama mtoto.

Ndipo mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, angalieni hii mifereji. Njia hii ni ya asili kabisa. Haijaguswa na mkono wa binadamu."

Mimi nimejenga barabara maisha yangu yote. Najua mfereji uliochimbwa na maji na mfereji uliochimbwa na kitu kingine. Maji hupinda, hutafuta pa kupita. Mifereji ile imenyooka, upana wake ni gogo moja la mkwaju, na kingo zake zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Baba zetu waliichimba, msimu baada ya msimu, na nusu ya kina chake ni makalio yangu mimi. Leo mtu ananiambia ni asili?

Nilikuwa nikimtafuta huyo mtangazaji nimweleze, nikafika juu penye utepe. Nikamkuta Mshamu. Alikuwa ameegemea baiskeli, gunia mbili kwenye keria, gogo limefungwa tayari kwa kamba. Ilikuwa siku ya lori. Mbele yake alisimama kijana mwenye fulana ya waandaaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mshamu akajibu. "Naona leo pana harusi."

"Mzee wangu, hapa hupiti. Zunguka na barabara."

"Mpaka saa ngapi?"

"Si leo tu. Soma kibao hicho."

Mshamu hakusoma kibao, alinitazama mimi. Kilikuwa kibao kipya, nguzo zake zimewekewa zege. Kimeandikwa: Njia ya mashindano. Baiskeli za mizigo haziruhusiwi. Magogo yanaharibu njia.

Nilirudia mstari wa mwisho mara tatu. Magogo yanaharibu njia.

"Wewe kijana," nikasema, "unajua unaongea na nani?"

"Mzee, usinikazie. Mimi nimewekwa tu hapa. Ongea na meneja."

Meneja alikuwa kwenye hema, mtu mpole wa Dar es Salaam, akasimama kunipokea na kunipa kiti. Nilimpa yote. Nilimweleza kuhusu magogo, mifereji, baba zetu, machungwa na lori. Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa barabara mwenye stashahada, na kwa utaalamu wangu njia hii isipoburuzwa gogo misimu miwili itajaa majani na makorongo, na mwaka wa tatu hawatapata pa kushindana. Nikamwambia hakuna aliyewapa njia. Waliazimwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili akatoa karatasi. "Mzee wangu, kijiji kiliridhia matumizi maalumu ya njia kwa miaka kumi. Hapa juu imeandikwa. Hizi ni saini za wananchi." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Samahani, huyu ni nani?"

Lilikuwa jina langu. Nililiandika kwa kalamu yangu ya wino, kubwa, na baada yake nikaongeza stashahada yangu, ili ijulikane. Chini yake yalifuata majina arobaini na kitu na alama za vidole gumba. Jina la pili lilikuwa la Mshamu.

Juu ya karatasi kulikuwa na mistari mitano ya maandishi madogo. Nimesoma mikataba ya Kiarabu na ya Kiingereza. Ile ya Kiswahili, iliyowekwa mbele yangu na soda baridi, sikuisoma.

Nilirudi kwa Mshamu nikamwambia ukweli, kwa sababu Bi Somoe alitufundisha kujieleza. Akakaza kamba ya gunia ambayo haikuwa imelegea.

"Mimi nilipoona umesaini," akasema, "nikajua imesomwa."

Aligeuza baiskeli akashika barabara ya kuzunguka, gogo limewekwa juu ya magunia kama abiria. Nilijua hatalikuta lori. Nyuma yangu watu walikuwa wakishangilia mshindi.

Tangu siku hiyo nimeandika barua tatu: kwa kampuni, kwa serikali ya kijiji, kwa wilaya. Ya kijiji ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nimewaambia wazee mkutanoni, nikiwa nimesimama, kwamba kosa ni langu, na kwamba saini iliyopatikana kwa jina la mahudhurio si ridhaa. Kuna vijana waliocheka. Mmoja alisema, "Mzee, acha njia iendelee, kijiji kinapata jina." Nilimuuliza hilo jina linapakiwa kwenye lori gani.

Enzi zetu hatukuwa na kibao hata kimoja na kila mtu alijua pa kusimama. Mwenye mzigo alikuwa mwenye njia. Leo njia ni ya mwenye karatasi, na tena huyo hana haja ya kuita kabla ya kushuka. Watoto wetu wanajua majina ya mabingwa wa nchi ambazo hawatazifikia, lakini alama ya gogo la babu yao hawaijui. Zamani aliyekosa kusoma alidanganywa na aliyesoma. Sasa hata sisi tuliosoma tunadanganywa, na nyuma yetu tumewapanga wenzetu kwa mstari.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilipanda tena kijijini. Nikaliacha gari kwenye barabara ya chini, nikatembea mpaka kona ya Bi Somoe. Majani yamekwisha kuanza kuota ndani ya mifereji, kama nilivyosema. Mlinzi wa kampuni alikuwa amekaa kwenye jiwe. Nikamsalimu, nikakaa kando yake, nikamtolea chungwa.

Punde sauti ikatoka juu kabisa ya kilima, nzito kidogo kuliko ya zamani.

"Njiaaa!"

Mlinzi akaruka, akafungua mdomo. Nikamshika mkono. "Kijana wangu, kaa," nikamwambia. "Anayejibu hapa ni mwenye mzigo, na wewe huna."

Akanitazama, akatazama juu, akakaa. Tukanyamaza wote wawili. Kisha nikasikia gogo.