Kichwa cha Shangazi Dorkas na Hedseti Mbili

Shangazi yangu Dorkas alikuwa na kipara kidogo katikati ya utosi, cha mviringo, ukubwa wa mfuniko wa kopo la chai. Hakikutokana na ugonjwa, kilitokana na mizigo. Jumamosi akifumua nywele, mimi na mdogo wangu Tumainieli tulikuwa tunagombania kukigusa. Alituacha tu, akisema, "Guseni taratibu, hapo ndipo mnapokaa."

Mama yetu alifariki wakati wa kumzaa Tumainieli. Baba alishuka kwenda kukata mkonge, mwanzoni akawa anakuja kila Krismasi, halafu akaacha kuja. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amerudi nyumbani Myamba baada ya kuachika kwa kutozaa. Kwa hiyo Mungu alitupanga hivyo, sisi hatuna mama na yeye hana mtoto, tukaingia nyumba moja.

Wenye umri wangu mnaikumbuka ile miaka ya themanini mwanzoni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi yenyewe unaipata kwa kujuana. Shangazi alibeba ndizi na tangawizi kutoka kwetu juu hadi tambarare, akarudi na chumvi, na chupa ya mafuta ya taa, na siku za neema kipande cha sabuni. Nilipomaliza darasa la saba nikaanza kwenda naye. Njiani tulikuwa na vituo vitatu vya kutua mzigo: kwenye mfereji, kwenye jiwe bapa, na pale njia inapoanza kuwa ya mchanga. Mwanzoni nilikuwa mjinga. Tukiwa bado uani ninamwambia, "Shangazi, huu mwepesi, niongezee."

"Usinipe habari za uani," ananijibu. "Kituo cha tatu ndiyo utaniambia."

Na kweli, kituo cha tatu nilikuwa nalia. Hapo ananishusha mzigo, anaifumua ngata yangu na kuisokota upya, maana alisema kichwa hakiumizwi na uzito, kinaumizwa na mahali uzito ulipokaa. Ngata zake alizisokota kwa khanga kuukuu na majani makavu ya mgomba ndani. Wanawake wa juu kule walizijua, wengine walimwomba awatengenezee.

Kwa kichwa hicho Tumainieli alisoma. Alifaulu kwenda sekondari, akafaulu tena, serikali ikampeleka nje kusomea urubani. Siku barua ilipokuja Shangazi aliuliza rubani ni nani. Tukamweleza. Akasema, "Basi huyo hatabeba kitu kichwani. Bwana asifiwe."

Alikosea, kama nitakavyowasimulia.

Ilikuwa mwaka tisini na tano, mwezi wa sita. Wakati huo mambo yalikuwa yamefunguka. Mjini Same mitumba ilitandikwa chini hadi barabarani, sabuni za kila rangi zilikuwa madukani, na hata kwetu juu Athumani alikuwa amefunga mashine yake ya kusaga, ya dizeli. Athumani alitoka Kigoma ujanani kuja kufanya kazi ya mkonge. Miaka mingi alisimama kwenye mtambo wa kuchakata majani, na ule mtambo ulikuwa unapiga kelele ambayo sijui niifananishe na nini. Masikio yake yalibaki huko. Ukimwambia debe moja, yeye anakujibu, "Wazima, namshukuru Mungu."

Tumainieli alikuja likizo ya wiki moja. Alikuwa rubani msaidizi kwenye ndege ya jeti, anatoka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza, na kurudi, siku moja. Mimi nilikwisha olewa, ila kwangu na kwa Shangazi ni bonde moja tu, nikaenda kupika makande. Tukiwa tunakula Shangazi alikuwa anamtazama sana.

"Baba," alimwambia. Alimwita hivyo kwa sababu alirithi jina la babu. "Tangu lini unasikilizia upande mmoja, kama kuku?"

"Kawaida tu, Shangazi."

"Nimekuuliza mara mbili kama chumvi imetosha. Mara zote mbili umeinamia sahani yako tu."

Akacheka, lakini hakucheka muda mrefu. Ndipo alipotueleza. Sikio la kulia lilikuwa linalia, mlio mwembamba usiokatika. Daktari anayewapima marubani alikuwa amemwambia kwamba limeshuka usikivu, na kwamba akirudi mwezi wa tisa likiwa limeshuka tena, hatamwandikia cheti. Bila cheti hakuna kurusha ndege.

"Utakuwa kama Athumani," nilisema, kisha nikajuta.

"Nitakuwa kama Athumani," alisema, "ila bila mashine ya kusaga."

Akafungua begi akatoa vitu viwili. Hedseti, alisema zinaitwa, vya kuvaa masikioni, vyenye kijiti cha kipaza sauti kinachokuja mdomoni. Marubani wanazivaa ili wasikie redio na kukinga masikio. Ya kazini kwao ilikuwa kuukuu, sifongo zake zimekauka. Muuzaji mmoja wa Dar alikuwa amemwazima hizi mbili za kujaribu, Jumatatu azirudishe na kusema anachukua ipi. Hela yake ilitosha moja.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kijani, ina vikombe vikubwa kama vikopo vya maziwa, na inabana kweli. Ya pili nyepesi, ina kisanduku cha betri kwenye waya. Alisema ile ina ufundi wa kutengeneza sauti inayokwenda kinyume na ngurumo mpaka ngurumo inafutika. Sikuelewa, na sidhani kama Shangazi alielewa, lakini alitikisa kichwa.

"Nitachukua hii ya kubana," Tumainieli alisema. "Kapteni wangu anayo mwaka wa kumi huu. Nimezivaa zote dukani, hii inaziba mara mbili ya ile."

"Dukani ulizivaa muda gani?"

"Dakika kumi hivi."

Shangazi akanitazama mimi. Nilijua anachotaka kusema, nikaangalia chini nisije nikacheka.

"Na hiyo ya kazini, sikio lilikuwaje mpaka likaumia?"

Tumainieli akalishika lile sikio. Akasema ikifika safari ya pili kichwa kinauma, analisogeza kombe la upande wa kulia, apumue kidogo. Marubani wengi wanafanya hivyo.

"Kumbe," alisema Shangazi. "Unautua mzigo njiani."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya kusaga. Shangazi alisema anazipima yeye. Tumainieli alifikiri ni utani. Lakini baada ya maombi ya asubuhi akamkuta amevaa gauni la kitenge, miwani yake aliyopewa hospitali ya Gonja, na ile hedseti ya kijani, debe la mahindi likiwa kichwani mwangu. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Alisema sharti apewe saa mbili kwa kila moja, na debe nibebe mimi maana utosi umeshapata mgeni.

Foleni kwa Athumani ilikuwa ndefu. Mashine ilikuwa inatikisa mabati. Shangazi alisimama karibu yake kabisa, mikono nyuma, waya umefungwa kiunoni kwa upande wa khanga. Salama, jirani yetu mwenye maneno, alizunguka kumtazama mbele na nyuma.

"Dorkas, leo unaelekea wapi?" alipaza sauti.

Shangazi hakumsikia. Alitabasamu tu.

"Rubani hajibu abiria," mtu akasema, foleni ikacheka.

Tumainieli alikuwa ameketi kwenye gunia, anaona aibu kidogo. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Shangazi. Saa ya kwanza alitulia. Ilipoingia saa ya pili nikaona kidole chake kinapanda kwenye panja la uso, pale mkono wa miwani unapopita. Akasogeza kikombe. Akakirudisha. Akasogeza tena. Mwisho akaivua, na kwenye ngozi palikuwa na mfereji, kila upande, kama umefungwa kamba.

"Inaziba vizuri," alimwambia Tumainieli, "mpaka miwani inapoanza kunikata. Nikisogeza kikombe, kelele inapita hapo palipoachama. Nikivua miwani sioni. Huko juu wewe huvai miwani?"

"Ya jua. Lazima, mwanga ule ni mkali mno."

"Dukani ulikuwa nayo?"

Tumainieli akashika mfuko wa shati.

"Baba, ulipima mzigo bila mtoto mgongoni."

Miwani yake ya jua ilikuwa mfukoni mwa shati, ya mikono mipana, ya fasheni. Akaivaa, akavaa hedseti ya kijani, akaenda akasimama pale aliposimama Shangazi. Alikaa hapo mpaka wanawake wawili wakasaga wakaondoka. Aliporudi alikuwa anapapasa nyuma ya sikio la kulia.

"Miwani ya kapteni ina mikono ya waya mwembamba," alisema polepole. "Sikuwahi kuliwaza hilo."

Shangazi akavaa ile nyepesi. Tumainieli akambonyezea kitufe. Nilimwona anashtuka kidogo, halafu akaitazama mashine kuona kama imezimwa. Ilikuwa inatikisa mabati vilevile. Akasimama. Nusu saa, saa nzima. Vidole havikupanda.

Salama, ambaye alikwisha zoea kwamba hasikiwi, akamwinamia mwenzake, "Bibi wa watu kachanganyikiwa masikini. Na ona debe lake limekaa mbele ya langu, limefika saa ngapi?"

"Limefika wewe ukiwa bado unajinyoosha kitandani, Salama," alisema Shangazi bila kugeuka.

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Salama naye akacheka mpaka akashika mbavu. Athumani, ambaye hakusikia chochote, akacheka kwa kutuona tunacheka. Tumainieli ndiye hakucheka. Alisimama akaja karibu.

"Umemsikia na mashine inanguruma?"

"Ngurumo imekwenda mbali, kama iko ng'ambo ya bonde. Watu wamebaki hapa." Kisha akamuuliza swali ambalo ni la mtu mwenye akili. "Lakini hii ni dizeli. Huko kwako kelele ni hii?"

Akamweleza kwamba hapana, kwenye jeti injini ziko nyuma yao, mbele wanasikia zaidi upepo unaopiga vioo, shwaa, kutwa nzima, kama umekaa chini ya maporomoko. Ile betri inafuta sehemu nzito ya chini, na sehemu nyembamba ya juu inazuiwa na mto wa sikioni, kwa hiyo mto lazima ukae usisogezwe.

"Basi chukua ambayo hutaisogeza," alisema Shangazi. "Nyingine hata ikiziba namna gani, ukiisogeza imekuwa bure. Na betri ikiisha?"

"Nabeba nyingine mfukoni."

"Za kununua. Usianike juani kama tulivyokuwa tunaanika sisi za redio."

Alikaa nayo saa zake mbili zote. Aliona kosa moja tu: utepe wa juu ulikuwa mwembamba na unakaa palepale kwenye kipara chake. Jumapili baada ya ibada akakata kipande cha khanga, akashona kimto chembamba, akakifunga kwenye utepe kwa uzi. Ngata ndogo kuliko zote alizowahi kutengeneza. Tumainieli aliivaa, akafumba macho. Jumatatu akarudi Dar na jibu lake.

Miezi ile mitatu Shangazi alimwombea kila asubuhi akitaja sikio, tena akitaja la kulia, Mungu asije akakosea. Mwezi wa kumi barua ikaja, nikamsomea mimi. Sikio halikushuka. Mlio bado upo, aliandika, na daktari anasema huenda usiishe kabisa, ila cheti ameandikiwa, na safari ya tatu ya siku sasa anaimaliza bila kulisogeza kombe hata mara moja. Marubani wenzake walimtania kwa kile kitambaa, kisha wawili wakaomba na wao washonewe. Shangazi aliniambia nisome hapo mara ya pili.

Amelala kwenye makaburi ya usharika sasa, mwaka wa kumi na mmoja. Tumainieli alirusha ndege mpaka alipostaafu kwa hiari yake. Lakini ninapomkumbuka Shangazi sikumbuki msiba. Nakumbuka miaka ile baada ya barua, tukiwa shambani tunapalilia maharage, ndege inapita juu, ndogo, inang'aa, inaelekea Kilimanjaro au inarudi. Hatukujua kama ni yeye. Shangazi alikuwa anasimama, anaegemea jembe, anaihesabia safari za siku kwa kuangalia jua. Kama ni asubuhi alisema, "Huyo bado yuko uani," akaendelea kulima. Kama ni alasiri aliweka kiganja utosini, pale kwenye kipara, akakiacha hapo mpaka mlio upotee nyuma ya mlima.

"Kituo cha tatu," alisema. "Na mzigo bado anao kichwani."