Uso Uliobaki Ndani ya Mkunjo

Shughuli yote ilinigharimu ng'ombe mmoja wa maziwa, mbuzi wawili na uso wa mama. Nimehesabu mara mbili, haipungui.

Ng'ombe na mbuzi walikwenda kwa karani mmoja wa mgodi wa Sekenke, siku zile za Mwingereza, aliyekuwa akifungasha kurudi kwao na kuuza kamera yake. Alitaka mbuzi watatu. Nikamwambia kamera haikamuliwi wala haizai. Akacheka, akapunguza mmoja, akaniongezea ushauri bure, na cha bure kilipaswa kunishtua: "Usipige kila kitu. Jiwekee shabaha moja. Ukiiweza, ndipo uende nyingine."

Nikarudi kijijini kwetu Mandewa na shabaha zangu. Kwanza kivuli: nipige mlango wa tembe, nyumba yetu ya udongo, saa sita mchana, na ndani kuonekane. Picha zilizotoka kusafishwa Dodoma zilirudi nyeusi tii. Nikarudia, nikarudia, mpaka akaonekana hata kuku aliyelala ndani. Kisha watu. Wetu wakiiona kamera walisimama kama wanaosubiri hukumu ya Bwana Shauri, pumzi wameibana. Nikajifunza kuwatania kwanza, nikibofya wakishusha mabega.

Mama, ambaye ng'ombe alikuwa wake, alikuwa akikohoa pale mlangoni.

"Na mimi lini, baba?"

"Bado, mama. Nimekuweka mwisho, niwe nimeiva."

"Ukiiva utanikuta?"

"Si unanidai ng'ombe? Utaondokaje?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Shabaha ya tatu ilikuwa kusafisha filamu mwenyewe. Dawa zilipofika, nilimpiga mama akicheka, kibuyu mikononi. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikatia filamu dawani. Uso ukaja. Sijawahi kupata picha kama ile, kabla wala baada.

Ikabaki kuisuuza kwa maji mengi. Kilikuwa kiangazi, kutoka visimani wanawake walirudi na tope. Ziwa letu la magadi lilikuwa pale pale kando ya kijiji, limejaa.

"Maji ni maji," mama akasema. "Si tunafulia?"

Nikachota ziwani. Maji ambayo hata ng'ombe huyaonja akageuza shingo, mimi nikamwogeshea mama. Ile ngozi nyembamba inayobeba picha ikavimba, ikaachia kama utando wa maziwa. Nilipowahi kuianika ilikuwa imeshajikunja, ikakauka hivyo. Mikono ipo. Kibuyu kipo. Uso umeingia ndani ya mkunjo.

Niliagiza filamu nyingine. Lori lililoileta lilikuta tumeshaanua matanga.

Sasa nawapiga maharusi mpaka Kinampanda, na wanasema nina mkono. Mkono ninao. Wa kumpiga sina.

Filamu ile iko kwenye kopo la tumbaku. Nilijaribu kulowesha pembe moja, ikavunjika, kwa hiyo nimeacha. Kama yupo fundi anayejua kukunjua filamu iliyokauka bila kuivunja, naomba anishauri. Bei hatutavutana.