Wimbo wa Kusenya Kuni

Mama yangu haingii msituni bila kuimba. Akivuka shamba la mwisho, kule juu ya Ganako ambako mahindi yanaishia na msitu wa Ngorongoro unaanza, anashika wimbo wake mmoja wa kanisani, wa Kiiraqw, na hanyamazi mpaka atoke na mzigo wake. Wanawake wa kwetu wanaosenya kuni siku zinazoruhusiwa huimba wote. Mama huimba kuwapita, na wala hana sauti nzuri.

Yeye husema anaimba ili Mungu atembee naye. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye loji, na madereva wa watalii wakija kula hawaishiwi stori za wanyama. Siku moja nikamwambia nilichosikia: nyati akisikia watu mapema hujiondokea zake, anayeua ni yule aliyeshtuliwa. Kwa hiyo kinachokulinda, mama, ni masikio ya nyati.

"Na hayo masikio kayaweka nani?" akasema, huku anachambua maharage. Nikamsaidia kuchambua, maana mama akianza hamalizi.

Mwaka juzi akafanyiwa upasuaji wa rovu. Uvimbe wa shingoni uliondoka na sauti ikaondoka nao, akabaki na mnong'ono tu. Daktari alisema sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Mama akasema anaomba, Mungu atampa. Mimi nikamnunulia mtungi wa gesi ili asikanyage tena msituni. Akaufunika kitambaa cha kufuma, akauweka sebuleni na maua ya plastiki juu yake. Eti ugali wa gesi hauna ladha! Nilikasirika, nikarudi zangu mjini kazini.

Baadaye jirani akanipigia simu. Mama yako, alisema, anakwenda kuni nyuma ya wenzake kwa sababu hawezi mwendo wao, na anakwenda kimya. Nikaomba ofu kazini, nikapanda nyumbani.

"Mama, utakufa," nikamwambia.

"Shika kamba," akaninong'oneza.

Basi nikaenda naye. Nilibeba sufuria na mwiko vya kugonga njiani. Mama aliitazama ile sufuria, akanitazama mimi, akacheka bila sauti. Aliongoza yeye. Nilimwona kwa upande midomo inacheza, anaimba wimbo wake uleule kama kawaida, ila hakuna kilichosikika zaidi ya viatu vyetu na sufuria yangu. Iliniuma sana kumwona hivyo. Nikagonga kwa nguvu zaidi.

Tulipofika penye miti mikavu nikaiweka sufuria chini, maana mtu hafungi kuni kwa mkono mmoja. Nikasogea kufuata gogo, naye akanifuata. Kosa lilikuwa hilo tu.

Nyati alikuwa amesimama kwenye vichaka mbele yetu, dume la peke yake, lile ambalo hata madereva wakilitaja hupunguza sauti. Alikuwa karibu kama mlango wa nyumba yetu na barabara, hatua chache tu. Alinyanyua kichwa. Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini mama alikuwa ameshaikamata kanga yangu na hakuiachia. Nilijikojolea, sioni sababu ya kuficha. Nikamgeukia mama. Shingo yake yenye kovu ilikuwa inafanya kazi yote ya kuimba, mishipa imesimama, na hakuna kitu kilichotoka.

Ndipo nikaimba mimi. Sijui niseme nini zaidi. Wimbo ule sikuwa nimeuimba tangu kipaimara, nilisahau maneno nikaweka yangu, nilipiga kelele za mtu anayechinjwa. Mama akanivuta taratibu kinyumenyume, hatua moja, kisha nyingine. Nyati alitusikiliza. Alipumua kwa nguvu puani, akageuka, akaingia vichakani, tukasikia matawi yakivunjika kuelekea upande mwingine.

Tulipotoka msituni tulikaa chini kwenye mahindi ya watu. Hasira zote nilizopanda nazo kutoka mjini zikanipanda kichwani.

"Umeona? Umeona ulivyotaka kufa? Uliomba sauti, iko wapi hiyo sauti?"

Mama alikuwa anakunja kamba. Alinivuta sikio mpaka mdomoni kwake ili nimsikie vizuri.

"Niliomba sauti," akaninong'oneza. "Sikumwambia iwe ya nani."

Nikalia. Yeye akaniacha nilie, halafu akaniambia niliruka ubeti wa pili.

Mpaka leo sauti yake haijarudi, na mtungi bado uko sebuleni na maua yake. Mimi bado nasema ni masikio ya nyati. Siku za kuni naomba ofu.