Sahani ya Diwali

Kila Diwali, mama wa Kihindi mwenye duka karibu na kivuko cha Likoni aliwagawia wasiojiweza unga na sukari. Nyanya yangu, mjane asiye na kitu, hakukanyaga pale. "Mimi si ombaomba, wallahi!" Kiburi hicho nami nimekirithi.

Mwaka mmoja yule mama akamletea unga mwenyewe hadi nyumbani, pamoja na sahani ya ladu, vitamutamu vyao vya mviringo. Nyanya akapokea, maana mgeni hafukuzwi. Lakini kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho yake akajitanda leso, tukaenda naye kuirudisha, imejaa samaki wa kukaanga.

Hatukujua kwamba yule mama hali hata yai. Alifunua, akafunika taratibu, akasema, "Ahsante sana, bibi."

Diwali iliyofuata, unga uliletwa na mtumishi, na ladu zimefungwa kwenye gazeti. Nyanya akawaka. "Sasa nimrudishie nini, gazeti? Huyu ananipa sadaka!" Akavirudisha vyote, unga na ladu.

Jioni yule mama alibisha hodi mwenyewe, kashika sahani ileile, imejaa ladu.

"Shikamoo, bibi. Lakini safari hii nitilie mahamri."