Mbelewele Nilizozikata Umbilo

Hadi leo, mwanangu, nikiukumbuka mwaka wetu wa pili hapa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kulikoni. Keti nikusimulie.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nilisuka nywele kwenye saluni moja ya mtaa wa Umbilo, na mume wangu Deo alipakua mizigo bandarini. Tulipanga chumba katika nyumba kongwe yenye uwanja nyuma, ambao mwenye nyumba alitaka kuumwagia saruji watu waegeshe magari. Nikamsihi aniachie nilime mahindi. Akakubali msimu mmoja. Kusipotoka kitu, saruji inamwagwa.

Chumba cha pili aliishi Mama Furaha, mjane wa Uvira aliyelima maisha yake yote. Akaniambia nikitaka atanionyesha. Nikamjibu kwamba hata kwetu tulilima. Uongo mtupu! Mimi ni mtoto wa mjini Bukavu. Mahindi niliyajua yakiwa tayari kwenye makaa.

Nikapanda. Mvua za Oktoba zikanyesha, mabua yakanipita kimo. Kileleni zikatoka mbelewele, yale maua yanayofanana na ufagio, zikawa zinadondosha vumbi la njano juu ya mashuka niliyoanika. Asubuhi moja nikachukua kisu nikazikata zote. Deo alipouliza, nikamwambia nguvu sasa zitashuka kwenye mahindi. Nilijiona daktari wa mimea, mwanangu.

Siku ya kula nikaalika kina mama wa kwaya. Makaa yakakolea. Nikachuma hindi lililoonekana nono, nikalimenya mbele ya wote. Gunzi tupu! Punje tatu nne zimekaa mbalimbali kama meno ya kikongwe. La pili hivyohivyo. La tano pia. Kina mama wakainama kutazama viatu vyao. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, anaona yote. Machozi yakanilengalenga.

Mama Furaha, aliyekuwa miongoni mwao, akainua macho kwenye vilele vya mabua.

"Nani alikata hizi vichwa?"

"Mimi, Mama. Zilikuwa zinachafua nguo."

"Eish! Weye mutoto, ulifukuza baba yao yote, kisha unakuja kutafuta batoto?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nikajikuta nacheka huku nafuta machozi. Mama Furaha akanishika mkono, akanionyesha zile nywele laini zinazochungulia kwenye ncha ya hindi. Kila unywele, akasema, unakwenda kwa punje yake moja, na vumbi la juu lisipouangukia, punje hiyo haizaliwi.

"Ile vumbi ulichukia, ndiyo chakula yenyewe."

Kisha, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akamwomba mwenye nyumba msimu mwingine. Yule bwana alikuwa bado anacheka, chai imemmwagikia shati. "Sharp," akajibu, yaani sawa.

Msimu uliofuata nilikuwa mwanafunzi. Tuliacha ile sehemu yenye kivuli cha ukuta, tukahamia penye jua la kutwa. Tukachanganya udongo na mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimepanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio kwa sababu ulipendeza macho. Mama Furaha akataka mistari mitano mifupi iliyokaa pamoja, upepo ukipuliza vumbi likute majirani. Mashimo ya kina cha vidole viwili, hatua fupi kati ya shina na shina. Tukapalilia mapema, tukarundikia udongo miguuni mwa mabua yasiangushwe na upepo wa baharini. Zile nywele zilipotoka, hatukuacha ardhi ikauke hata siku moja, maana kiu ya wakati huo ndiyo inayoharibu. Na kamba ya nguo? Deo aliihamishia upande wa barabarani.

Siku ya kumenya ikafika. Nikavuta ganda la kwanza: punje zimejipanga kutoka shinani hadi nchani, nyeupe, zimebanana. Nikapiga kigelegele nikasikika mtaa wa pili! Kwaya ikaimba, mwenye nyumba akala mahindi manne amesimama, na kabla hajaondoka akauliza kama tunaweza kumpandia na maboga. Habari ya saruji hakuitaja tena.

Basi, mwanangu, nakuasa. Usikate kitu kwa sababu kinakukera tu. Uliza kwanza kina kazi gani. Na anayejua akijitolea kukufundisha, usimdanganye kwamba unajua. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa kuona haya kusema sijui.

Mungu akujalie mikono yenye subira na majirani wasiochoka kukuelekeza. Akupe kula, na akupe wa kula nao.