Miale Haijui Haya

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: harufu kali mfano wa siki, iliyotoka katika chumba cha kiza tulichosafishia picha za eksirei. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza chuo juzi tu, nimepata kazi katika hospitali moja ya hapa kisiwani Mombasa, na asubuhi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuachiwa mashine peke yangu. Furaha yangu sikuweza kuificha. Nilitoka kwetu Ndia Kuu nikitembea utadhani kesho yake ni Idi, na kila aliyenisabahi nilimwitikia kwa sauti, hata mama mmoja akaniuliza nimeposwa na nani.

Sasa mimi ni bibi, nimestaafu, na wajukuu wangu hunicheka kwa kuwa mpaka leo nikitaja habari za mawimbi sauti hunipanda. Wacha wanicheke. Wewe nisikilize, kwa sababu nina kosa la kukuhadithia, na kosa lenyewe haliwezi kufahamika bila ya mawimbi hayo.

Mkuu wangu wa kazi aliitwa Mzee Chengo, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mrefu, mpole, asiyekosa kanisa Jumapili wala kazini Jumatatu. Nilipofika kwake mara ya kwanza hakunionyesha mashine. Alitwaa kamba ya kuanikia nguo, akafunga ncha moja kwenye chuma cha dirisha, ya pili akanitia mkononi. Akasema, "Tikisa polepole." Nikatikisa. Kamba ikafanya mawimbi mapana, marefu, mawili tu kutoka kwangu hadi dirishani.

"Hayo chukulia ni ya redio," akasema. "Kaza mkono kidogo. Hayo ni joto unalolisikia usoni ukikaa karibu na seredani ya makaa. Kaza! Hapo ndipo mwanga unaoonekana kwa macho: nyekundu kwanza, kisha manjano, kijani, buluu, mpaka urujuani. Kaza tena! Hiyo ni miale ya jua inayochoma ngozi, jicho haliioni, wataalamu huiita urujuanimno. Kaza, binti, kaza! Hiyo sasa ndiyo eksirei yetu."

Mkono ulikuwa ukiniuma, kamba imejaa mawimbi madogo madogo yaliyosongamana, nami nacheka kama mtoto. Akaniuliza, "Umechoka? Basi nguvu uliyoitoa ndiyo iliyomo ndani ya wimbi fupi."

Mwanangu, hebu fikiri! Redio inayosoma habari, tanuri la mawimbi linalopasha chakula, moto wa makaa, rangi za kanga, jua la saa saba na ile miale inayopiga picha ya mfupa, vyote hivyo ni ukoo mmoja. Ni mawimbi ya umeme na sumaku yanayokwenda bega kwa bega. Hayahitaji maji wala hewa ya kupitia, na penye uwazi mtupu yote hukimbia kwa mwendo mmoja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Tofauti yao ni urefu wa wimbi tu. Na katika ukoo mzima huo, mpana kuliko tunavyoweza kuuwaza, macho yetu yamepewa kipande kidogo sana cha kuona. Nilipolijua hilo mara ya kwanza sikulala vizuri siku mbili kwa furaha, na sioni aibu kulisema.

Lakini wenye mawimbi mafupi ni wakali. Simu yako ina mawimbi marefu, hayana nguvu ya kuchana kitu ndani ya mwili, kwa hivyo usitishwe na maneno ya vibarazani. Eksirei ni nyingine. Hiyo hupenya nyama ikazuiwa na mfupa, ndipo tukapata picha, na njiani inaweza kuharibu chembe hai za mwili. Kwa mtu mzima, kwa picha inayohitajika, faida huishinda hatari. Kwa kiumbe kilicho tumboni, hatari hiyo kwanza hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Haya yote niliyajua. Mtihani wake niliupita kwa alama za juu. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Mapema asubuhi ile akaletwa mwari, jina lake tumwite Rukia, ameolewa wiki sita tu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumbani akiwa na ndoo ya maji, akaumia kiuno. Aliletwa na mavyaa wake, mama wa mumewe, bibi mwenye heshima zake, buibui limenyooka, udi unanukia mpaka mlangoni. Daktari alikuwa ameandika tupige picha ya kiuno. Fomu ilikuwa na mahali pa kuuliza kama mgonjwa ana mimba au huenda akawa nayo, na visanduku viwili, cha ndiyo na cha la.

Unazijua desturi zetu. Mimba changa haitangazwi, watu huchelea kijicho. Na mimi, msichana sijaolewa, nitamuulizaje mke wa watu jambo hilo mbele ya mavyaa wake? Ulimi ukawa mzito. Nikajiambia, wiki sita tu, haiwezekani. Nikatia alama mwenyewe kwenye kisanduku cha "la".

Kisha nikamtoa mavyaa nje, kwa kuwa ni kanuni, miale ikipigwa hakai mtu asiyehusika. Tukabaki wawili. Sikuwa na kizuizi tena, mwanangu, na bado sikuuliza! Nilishaona haya, na haya ikishaingia huwa nzito kutoka. Nikamlaza, nikaipanga mashine juu ya kiuno chake, nikaenda nyuma ya ukuta wenye kioo, nikaweka kidole kwenye kitufe.

Mzee Chengo akatoka chumba cha kiza. Aliiona fomu mezani, akaisoma kama alivyosoma kila kitu, neno kwa neno.

"Umemuuliza?"

"Nini, Mzee?"

Akaweka kidole kwenye kisanduku. "Amekujibu hivi kwa kinywa chake?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Toa mkono hapo."

Hakupandisha sauti. Alinivuta kando, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Binti yangu, una haya, na haya ni pambo la mtu. Lakini miale haijui haya. Haitatazama kando kwa kuwa huyu ni mke wa watu. Itapita nguo, itapita ngozi, itamfikia hata ambaye hajapewa jina. Nikimuuliza mimi, mwanamume mgeni kwake, ataniambia la. Nenda wewe. Mficha uchi hazai."

Nikaenda. Nikakaa karibu na kichwa chake, nikamshika mkono, nikamuuliza polepole kama ninavyokusemesha wewe. Machozi yakamtoka kabla ya jibu.

"Siku zangu zimepita, dada, yapata wiki mbili. Sijamwambia mtu. Naogopa isije ikaharibika. Tafadhali, mavyaa asije akasikia kwa kinywa cha mtu mwingine."

Daktari akaitwa, akamgusa mgongo, akamkunjisha miguu, akaona hakuna dalili ya mfupa kuvunjika. Akasema picha ingoje, apumzike, na akihisi ganzi arudi mara moja. Akapimwa na mkojo. Ilikuwa kweli.

Nikamtoa Rukia nje, na mavyaa alikuwa kwenye benchi. "Picha iwapi?" akaniuliza.

"Daktari ameona leo haina haja, mama. Amesema apumzike."

Akanitazama mimi. Akamtazama mkaza mwana wake, macho mekundu, mkono mmoja umeshika tumbo bila ya mwenyewe kujua.

"Haya," akasema. "Basi maji asitukue tena. Na ngazi atapanda mimi niko nyuma yake."

Hakuongeza neno. Akamshika mkono wakaenda zao, nami nikajifungia chumba cha kiza, chini ya ile taa nyekundu isiyoharibu filamu, nikalia mpaka nikatosheka. Mzee Chengo akaniletea fomu mpya niijaze upya, kweli tupu.

Huenda picha ile isingelidhuru kitu. Mzee Chengo mwenyewe aliniambia hivyo baadaye, kwa kuwa ni mtu wa haki. Lakini "huenda" si neno la kumchezea mtoto wa watu. Yule mtoto alizaliwa mzima. Sasa ni mwanamume mwenye watoto wake, anafanya kazi ya uwakala wa mizigo Kilindini, na akinikuta njiani husimama akanipa shikamoo yake kwa adabu. Mimi huitikia marahaba, na kila mara nakihisi kile kitufe chini ya kidole changu.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Elimu yako ikikufurahisha, furahi nayo, piga kelele, watu wakucheke. Lakini ukipewa chombo chenye nguvu usiyoweza kuiona, iwe ni eksirei, iwe ni dawa, iwe ni waya wa umeme, usijijibie swali la mwenzio. Muulize. Muulize faraghani, kwa heshima, umstahi, lakini umuulize, na akujibu kwa kinywa chake. Heshima isiyouliza ni woga uliovishwa kanzu. Na kuuliza si ujinga, ila aliyejua akanyamaza, majuto yake ni mjukuu.

Mola akuzidishie ilimu yenye manufaa, akupe moyo wa kustaajabia viumbe vyake, vinavyoonekana na visivyoonekana. Akupe na mkubwa wa kukuzuia mkono kwa upole siku utakapokosea. Na asiyezaliwa bado asipate dhara kwa sababu yako. Amina.