Msiba wa Mpangaji Wetu

Mpangaji wetu pale mtaani Cheyo alikuwa mkimbizi, mwalimu aliyetoroka nchi jirani baada ya askari wa rais wa huko kuwaua wenzake shuleni. Jioni alifundisha madarasa ya watu wazima. Kila akimtaja yule rais, alitema mate kwanza.

Mchana mmoja nikiwa kwenye foleni ya sukari duka la ushirika, redio ikatangaza kwamba gari la yule rais limerushiwa bomu la mkono. Foleni nzima ikalipuka kwa makofi. "Kafa! Kafa!" Nikaacha foleni, nikakimbia nyumbani kumpelekea habari njema.

Nilimkuta uani akifua shati.

"Mwalimu, wamemuua! Wamelipua gari lake!"

Akasimama, povu mikononi. "Na dereva?"

"Dereva gani?"

"Shemeji, dereva wamesemaje?"

Jioni redio ikasema mengine: rais yu hai, hana hata mkwaruzo, aliyekufa ni dereva wake. Ndipo mwalimu akatuambia, mimi na mume wangu, jambo ambalo hajawahi kulitamka. Yule dereva alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Mama mkwe akatandika mkeka barazani. Majirani wakaja, wengine wakimpa pole kwa kuwa rais kapona, wengine kwa ndugu yake, na wengine wakinitazama mimi, kana kwamba najua wampe pole ya lipi. Kesho yake wakaja wakimbizi wenzake.

"Unamlilia mtu wa yule muuaji?" mmoja akamuuliza.

"Namlilia mtoto niliyembeba mgongoni."

Waliondoka bila kugusa chai.

Haukupita muda, balozi wetu wa nyumba kumi akaja na mgeni aliyevaa suti ya Kaunda. Mgeni hakusema anatoka wapi. Aliniuliza mimi: "Siku ile, huyu bwana alifurahi au alisikitika?"

"Alisikitika."

"Kwa kuwa bomu lilirushwa, au kwa kuwa lilimkosa rais?"

Niliona nikijibu hivi namponza, nikijibu vile namponza zaidi. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kafiwa, baba. Mnataka alie vipi?"

Hawakumkamata. Ila aliambiwa ahame mjini, akafundishe Lusu, kule Nzega. Tulimsindikiza stendi. Mume wangu alipokwenda kupandisha godoro lake juu ya basi, nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua.

"Mwalimu, ungependa bomu lile limpate rais?"

Akalitazama godoro lake likipandishwa.

"Usiku natamani lisingerushwa, shemeji. Kukicha, nataka lirushwe jingine."

Kondakta akapiga bodi ya basi, naye akapanda. Njiani kurudi mume wangu aliuliza tulikuwa tukizungumza nini. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.